Taa ya Tatu

Mzee Kibwana alikuwa akifunga taa ya tatu juu ya tangi lake la samaki, zile mbili za kwanza zikiwaka, wakati Sikitu, bintiye, alipoingia. Mwani ulikuwa umeganda kwenye mimea ya majini hata majani yakawa kama yameota manyoya.

“Baba, si wewe uliyetufundisha kwamba mimea hii ni ya kivulini? Mwanga ukizidi, mwani unaiua.”

“Kivuli sawa, lakini si giza hili. Samaki wenyewe siwaoni. Hebu niwashie.”

Sikitu akaihurumia mimea. Akabonyeza swichi, akazima taa zote. Chumba kikaingia giza, ukabaki mwanga hafifu tu wa mlangoni.

Mzee akainama mpaka paji la uso likagusa kioo, akatabasamu.

“Umeona? Sasa kumekucha humu.”

Kidole cha Sikitu kikabaki pale pale kwenye swichi.