Inspekta Anakuja Kuomba Radhi

"...na wanakuja wenyewe! Kuomba radhi! Inspekta mzima, shangazi, siyo yule askari wa zamu anayenuka sigara!"

Shontelle aliingia jikoni mbio, kiatu kimoja mguuni, simu mkononi. Shangazi Marlene akaweka kisu chini.

"We mtoto, pumua kwanza. Nani kakupigia?"

"Afisa wa polisi wa mjini, yule wa mambo ya jamii. Kaniuliza, 'Habari za kaka yako mmeshazipata?' Nikamwambia tumeshazipata, zamani! Si wakili alituandikia jana kwamba kesi imefutwa? Akataka kuendelea, nikamwambia nyie njooni tu, familia nzima itakuwepo. Halafu akasema asante, kwa upole huo, mpaka nikamwonea huruma."

"Hata polisi hawapati nafasi ya kuongea na wewe," shangazi akacheka. "Chuo kimekuharibu."

Jamani, nani angemlaumu? Kaka yake Selwyn alikamatwa mjini kwa gari la wizi ambalo hata kulipanda hajalipanda. Kamera ilimwonyesha mwizi waziwazi: kijana wa Kizungu, nywele rangi ya majani makavu. Selwyn ni mweusi kama watu wote wa Yarlimpi, kijiji chao cha wenyeji wa asili. Wakambeba yeye. Wakambeba wiki ileile aliyotakiwa kuchomwa sindano yake ya moyo ya kila mwezi, isiyorukwa, pale zahanati, na tangu hapo bibi yake, mzee Ruby, aliyemlea tangu ananyonya, akawa na swali moja tu asubuhi na jioni: "Sindano wamempa?"

Basi siku hiyo Yarlimpi haikukalika. Jua halijakolea, mikia ya kangaruu ilishafukiwa kwenye makaa, mkate umezikwa majivuni. Watoto walivaa jezi za timu ya Selwyn, zinawafika magotini. Bibi Ruby akaletewa blanketi kivulini kwenye kibaraza cha kanisa, akakaa mbele kabisa, gauni lake la maua limepigwa pasi na Shontelle mwenyewe.

"Akishuka nitamchapa kwanza," bibi akasema, "ndiyo nimkumbatie. Nilimwambia asiende mjini."

"Mchape taratibu, bibi, polisi wasikukamate na wewe."

Bibi akacheka mpaka akakohoa.

Vumbi jekundu likatokea barabarani. Magari matatu. Watoto wakayakimbilia wakiimba, "Selwyn! Selwyn!" Askari wa kwanza kushuka akashtuka kama kachapwa kibao.

"Mbona huyo anaruka?" shangazi akauliza.

"Aibu, shangazi. Mwache aibike."

Shontelle hakuwa na muda na askari. Macho yake yalikuwa kwenye gari la mwisho, lile la vioo vyeusi.

Wale askari wakaanza kushusha mizigo: magunia ya unga, majani ya chai, sukari, nyama ya ng'ombe. Wakaipanga kibarazani kimyakimya bila kumtazama mtu usoni.

"Wanatulipa kwa unga!" shangazi Marlene akanong'ona. "Wangeleta na siagi basi. Na huyo mkubwa wao ajiangalie. Mwaka jana mwenzake alisimama hapahapa akamtaja marehemu kwa jina, kwenye kipaza sauti! Wanawake wakaziba masikio, mjane akaondoka analia. Huyu akithubutu nammwagia chai."

"Hathubutu. Siku hizi wanafundishwa, shangazi. Wanakalishwa semina wanaambiwa, hawa watu, mtu wao akishakufa jina lake halitajwi tena, hata na mama yake."

"Afadhali. Kumbe wanafundishika."

Inspekta alikuwa mtu mrefu, mwekundu shingoni. Akavua kofia. Kwa kuwa wazee wengi hawakisikii Kiingereza vizuri, Shontelle akasimama kando yake kutafsiri, na jinsi alivyojisikia siku hiyo, ungedhani yeye ndiye inspekta.

"Tumekuja kusema tumekosea."

Shontelle akatafsiri kwa sauti, mikono hewani. Watu wakanguruma.

"Kijana wenu hakuwa na hatia yoyote. Hakupaswa kulala kwetu hata usiku mmoja."

Akatafsiri hilo nalo, akaongezea na "washenzi hawa" ambayo inspekta hakuisema. Vijana wakapiga makofi, mmoja akapiga mluzi. Bibi Ruby alikuwa anajipigapiga mapaja, machozi yanamtoka.

"Mwulize sindano walimpa," bibi akasema.

"Subiri kidogo, bibi. Utamwuliza mwenyewe Selwyn."

Inspekta akasubiri makofi yaishe. Alionekana hakuelewa yanapigwa ya nini. Akatazama mikia ya kangaruu makaani, akawatazama watoto na jezi zao, halafu akapiga goti moja vumbini mbele ya bibi, kofia kaibana kifuani. Akasema polepole, kama mtu aliyefanya mazoezi njia nzima asije akakosea:

"Mama, nilitamani nimtaje hapa mbele ya watu wake. Lakini kwa kuheshimu mila zenu, jina lake sitalitaja."

Wazee wote wakamgeukia Shontelle.

Bibi Ruby akamvuta gauni. "Amesemaje, mjukuu wangu? Yuko gari lipi?"

Shontelle, ambaye tangu azaliwe hajawahi kulala na habari mdomoni, akachuchumaa, akamfuta bibi vumbi shavuni.

"Amesema pole, bibi. Mengine nitakuambia kesho."