Shali ya Njano

Mke wangu aliweka simu chini taratibu. "Yule dada aliyeagiza shali ya mtoto, mtoto mwenyewe amefariki. Anaomba tusipeleke."

Zamani tungeirudisha rafuni, basi. Siku hizi mteja akiagiza, kompyuta yenyewe inamwita dereva wa pikipiki. Dereva alishaondoka na shali kwenye mfuko unaoonyesha ndani. Utepe niliufunga mimi.

Nikampigia. "Rudi nayo, ndugu yangu!"

"Nirudi wapi, bosi? Niko mlangoni. Kompyuta yako inanikimbiza kama mwizi."

"Usibishe hodi!"

"Nimeshabisha."

Nikasikia komeo likivutwa. Nikapiga kelele, lakini simu alikuwa ameshaishusha sikioni.

"Mzigo wako, dada," akasema kwa uchangamfu. "Hongera sana! Wa kike au wa kiume?"