Koti la Želmíra

Julai ile ya 1983 jua la Vienna lilikuwa linachoma, na Želmíra Kostková alikuwa amevaa koti la baridi.

"Dada, utaiva humo ndani," alisema Ndugu Chovan, mtu wa wizara aliyetumwa kuichunga bendi yao, kutoka kwenye kiti chake mlangoni pa chumba cha wasanii.

"Koo langu linaogopa upepo. Na wewe mbona una mashati mawili?"

"Mimi husikia baridi upesi," akajibu, akijifuta jasho.

Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Kamba ya Želmíra iliishia Vienna, na aliyeishika alikuwa Ndugu Chovan: pasi za bendi nzima zilikaa mfukoni mwake. Asubuhi alikuwa amemfuata hata dukani, wenzao walipokuwa wakinunua kahawa na jinzi za kupeleka nyumbani Bratislava.

"Hununui cha nyumbani?" Želmíra alimuuliza.

"Mama tulimzika Machi. Nimpelekee nani?" Akamsogelea. "Hivi 'naomba' kwa Kijerumani husemwaje?"

Želmíra akamfundisha. "Siku hizi bia unaiomba, Ndugu?" akamtania. Chovan hakucheka. Alilirudia lile neno mpaka likakaa sawa.

Želmíra alimchukia mtu huyu. Nyimbo kumi na moja alizotunga mwenyewe kamati ya serikali ilikuwa imezipiga marufuku, eti hazina furaha ya kutosha. Miaka minne sasa aliimba za wengine, za mavuno na matrekta, huku akitabasamu mpaka mashavu yanauma. Zile kumi na moja mama yake alikuwa amezishona ndani ya bitana ya koti. Basi la kurudi nyumbani lingeondoka saa kumi na mbili jioni, na safari nyingine huenda asingepewa tena.

Saa tisa alasiri aliposhuka jukwaani, kiti cha mlangoni kilikuwa kitupu.

Hakungoja kujua kwa nini. Alipitia jikoni, akatokea uani, akadandia tramu. Kila kituo aligeuka kutazama nyuma. Akishafika polisi na kutamka kwamba anaomba hifadhi, maji yatakuwa yamekwisha kumwagika, na hakuna wa kuyazoa.

Kwenye kituo cha polisi, askari alimsikiliza mpaka mwisho, akampa kikaratasi cha foleni chenye namba kumi na nne, akamwonyesha benchi la ukutani.

Kwenye benchi alikuwa amekaa Ndugu Chovan.

Kumbe alijua tangu mwanzo, aliwaza, alitangulia kunisubiri.

"Hata hapa, Ndugu?" alisema, machozi yakimtoka. "Hata hapa?"

Chovan alikuwa amepauka. Alimtazama yeye, akautazama mlango nyuma yake, kuona kama amekuja na mwingine. Kisha polepole akasogea kumpisha akae, akafumbua kiganja. Kikaratasi kilikuwa kimelowa jasho: namba kumi na tatu.