Leso ya Bwana Yunusu

Nyumba ya tatu iliposhika moto, Bwana Yunusu alitoa leso, akafuta macho, kisha akawakaripia mgambo wake.

"Mnangoja nini? Na ile ya pembeni!"

Wenye nyumba walikuwa wamesimama kwenye mikorosho yao, mapanga mikononi. Kikongwe mmoja akawanong'oneza jambo. Wakamtazama Yunusu usoni, wakashusha mapanga, wakajitwika mikeka na vyungu kuelekea kijiji kipya cha ujamaa. Hakikurushwa hata kijiwe. Hicho kilikuwa kitongoji cha nne Yunusu alichokihamisha mwaka ule wa sabini na nne.

"Wananiogopa," alijigamba.

"Labda, ndugu," alisema Maftaha, mkuu wa mgambo, akiitazama ile leso.

Yunusu aliyachukia macho yake. Miaka sita yalikuwa yakichuruzika machozi, ale, asile, acheke, atukane. Alijua kwamba akiwapa kisogo mgambo humwita Mjane.

Akaenda hospitali. Daktari akamminya pembeni mwa pua, akatikisa kichwa.

"Mifereji ya machozi imeziba. Hayashuki puani, ndiyo maana yanamwagika mashavuni. Itabidi nipasue hapa na hapa, nitoboe mfupa, nifungue njia mpya."

"Toboa! Hata ukiyang'oa. Nimechoka kuomboleza bila maiti."

Akapasuliwa, akashonwa. Wiki tatu baadaye sista alimdondoshea dawa machoni, na Yunusu akasikia uchungu wa dawa hiyo ukishuka kooni.

"Njia imefunguka," alisema sista.

Yunusu aliitupa leso kwenye pipa la taka.

Kitongoji cha tano kilikuwa ng'ambo ya Nangurukuru. Hapo napo wanaume walikuwa wamesimama na mapanga, kama wale wa kwenye mikorosho. Yunusu alishuka kwenye Land Rover kifua mbele, macho makavu kama ngozi ya ngoma.

"Chomeni!"

Paa la kwanza likashika. Bi Kazija, mwenye nyumba ile, alimsogelea Yunusu mpaka pua zikakaribia kugusana. Akamkagua jicho moja, akamkagua la pili.

"Dada yangu wa kule kwenye mikorosho alituasa tusimguse mtu huyu," aliwaambia wanaume bila kugeuka. "Alisema katumwa tu, roho yenyewe inamuuma, anachoma huku analia."

Nyuma, Maftaha alikuwa ameshawasha Land Rover.

"Huyu halii," alisema Bi Kazija, akasogea kando kuwapisha wenye mapanga.