Ujumbe wa Saa Tano Kasorobo

Yusra aliyafuatilia maswali ambayo programu yake ya kutuma tahadhari kwa simu iliiuliza hifadhidata siku ya mafuriko, moja baada ya jingine, mpaka akaliona lililokula muda.

Badala ya kuchukua namba za wakulima wote wa bondeni kwa mkupuo, programu ilikuwa ikirudi kuuliza upya kwa kila namba. Mara elfu nne. Mstari huo aliuandika yeye mwenyewe. Tahadhari iliyoanza kutoka saa nne asubuhi iliwafikia wa mwisho, wakulima wa Kerenge, saa tano kasorobo, na maji yalipita saa nne na nusu.

Mbele ya meza yake, katika ofisi ya mradi pale Korogwe, alikaa mzee kutoka Kerenge. Alishika simu ndogo iliyokufa kwa maji, na kwa ukucha alikuwa akitoa tope lililokaukia katikati ya vitufe.

"Mlitangaza ujumbe ulitoka saa nne," alisema. "Wanangu wanasema nilipuuza, ndiyo mama yao akafia shambani. Mimi sikusikia simu ikilia, mwanangu. Au ndiyo uzee?"

Yusra aliyatazama tena maswali yale kwenye kompyuta. Kumbukumbu zile za programu hakuna mwingine aliyeziona. Kuzifuta kungekuwa kazi ndogo kuliko kumjibu.

"Si uzee, mzee," alisema. "Umekuja na nani?"

"Mwanangu mkubwa amenileta. Yuko nje kwenye pikipiki, hataki kuingia."

Yusra akakigeuza kioo cha kompyuta upande wa mlango.

"Naomba umwite."