Kati ya Ghorofa ya Sita na ya Saba

Lifti ilisita, ikatikisika mara moja, ikanyamaza. Fundi hakuangalia mlango. Aliangalia taa, halafu feni.

"Umeme upo," alisema. "Taa inawaka, feni inazunguka. Sasa hii imegoma kwa nini?"

"Fundi wa lifti ni wewe," mkewe alijibu. "Sisi ndio tunaokuuliza."

Walikuwa wanne ndani ya kile kisanduku: fundi, mkewe, binti yao mkubwa, na kitindamimba ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Mdogo kwa jinsi alivyopenda kutoa amri. Matembezi yenyewe hayakupangwa. Asubuhi binti aliamka akang'ang'ania: kesho anahamia kwa shangazi yake, mbali, kwenye shule mpya, na kabla hajaondoka anataka wapande lile jengo refu la katikati ya mji, wauone mji kutoka juu. Wote. Akapakia mkoba mwenyewe, akamsukuma mdogo wake chooni mara mbili, mtoto akilalamika kwamba hana haja.

Fundi alikubali shingo upande. Lifti za jengo lile alikuwa akizihudumia yeye, na mtu gani anakwenda kutembea kazini kwake siku ya mapumziko? Tena alipokuwa akivaa viatu, meneja alimpigia simu. Kuna lifti mpya upande wa pili wa mji, wakaguzi wanakuja mchana, na atakayesimama nao ndiye atakayekuwa mkuu wa mafundi. "Nipo njiani," fundi alijibu kwa sauti ya chini, kama mtu anayeiba sukari. Mpango wake ulikuwa kuwafikisha juu, aseme anakwenda kununua maji, ateremke na kupotelea huko. Haingekuwa mara ya kwanza. Walipokwenda kuogelea aliitwa kazini, akaondoka na nguo za Bwana Mdogo ndani ya begi la vifaa, mtoto akarudi nyumbani amefungwa taulo.

Alibonyeza kitufe cha dharura. Spika ndogo ikakoroma.

"Tulia, fundi." Ilikuwa sauti ya Bonge, fundi mwenzake aliyekuwa zamu. "Tunashughulikia."

"Shughulikia upesi, bwana. Nina safari mimi."

"Nimeshakwambia, tulia."

Bonge hakuwahi kukimbilia kitu maishani. Hata siku ya harusi yake, bibi harusi ndiye aliyetangulia kufika. Fundi alitoa simu: mtandao hakuna. Ndani ya lifti simu haishiki, na nyumbani kwake wote walilijua hilo, maana ndicho kilikuwa kisingizio chake kila alipotafutwa asipatikane.

Akapenyeza vidole kwenye mwanya wa mlango.

"Baba," binti alisema, "si wewe unayesema kila siku? Ukikwama usifungue mlango mwenyewe. Kaa chini, usubiri."

Fundi akaachia. Kanuni ilikuwa yake, na aliwahi kumtimua mtu kazini kwa kuivunja. Yeye aliyewatoa watu wengi kwenye visanduku hivi, akiwacheka wanaolia, leo aliona kuta zinamsogelea. Akilini alimwona meneja akitazama saa, akimpa nafasi mwingine. Alitamani kupiga ukuta teke.

"Kaeni chini," Bwana Mdogo aliamuru. Wakakaa.

Binti akafungua mkoba. Humo mlikuwa na maji, biskuti na karata.

"Haya yote ni ya kupanda na kushuka?" mama yake alishangaa.

"Namjua mdogo wangu kwa kula," binti alisema, akaanza kugawa.

Mwanzoni fundi alicheza kwa hasira, macho kwenye spika. Akafungwa. Akafungwa tena, na Bwana Mdogo akamwambia aache kuzubaa. Ndipo alipoona jinsi binti anavyogawa.

"Tangu lini unatumia mkono wa kushoto?"

"Tangu nizaliwe, baba."

Mkewe aliinamia karata zake. Fundi aliona aibu, aibu ya kweli. Akauliza kuhusu ile shule, na alipojibiwa akauliza jingine. Binti alisema shule haimtishi. Anachoogopa ni kulala chumba ambacho hakuna mtu wa kukoroma. Fundi naye akawaambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu: siku yake ya kwanza kazini alikwama kwenye lifti, akalia mpaka akaita jina la mama yake. Bwana Mdogo alicheka hadi biskuti ikampalia, ikabidi wampige mgongoni wote watatu.

Mchana ukapita. Wakaguzi walikuwa wameshakuja na kuondoka, na cheo kimeondoka nao. Ilimuuma, ila si kama alivyotarajia. Binti alikuwa amemwegemea begani, Bwana Mdogo amelala mapajani kwa mama yake, karata zimetapakaa sakafuni. Hakukumbuka mara ya mwisho kukaa nao hivi bila mguu mmoja kuwa nje.

Hata hivyo, uzembe ni uzembe.

"Huyu Bonge leo atanitambua," alisema, akainuka kubonyeza kitufe.

Kabla kidole hakijafika, spika ikakoroma yenyewe.

"Haya, binti," Bonge alisema, "muda ulioniomba umekwisha. Niwashe, au bado hujamshiba baba yako?"