Lakiri Nyekundu

Bomba la sindano likachomoka tena, maji yakamrukia mwalimu wao, Abla Sherihan, usoni. Darasa zima likaangua kicheko.

"Abla ameshaoga!" alisema Marina, binti wa mfinyanzi, akilirudisha bomba mahali pake.

Walikuwa wakiunda winchi. Mkono wake ulikuwa wa mbao za kasha la nyanya. Misuli yake mabomba ya sindano na mipira myembamba iliyojaa maji. Ukisukuma huku, mkono unainuka kule. Alhamisi wangeipeleka mashindanoni Minya mjini. Baba yake Marina alishasema: akishinda ataendelea na masomo, akishindwa atabaki nyumbani kukanda udongo.

Ng'ambo ya ukumbi ilikuwa stoo. Ndani mlikuwa na mashine za kutoboa, mota na bisibisi za serikali, hazijawahi kutolewa kwenye maboksi. Zote zilikabidhiwa kwa jina la Ustadhi Bekhit, mtunza stoo. Kikivunjika kimoja, mshahara wake unakatwa. Basi akapiga mlango muhuri wa lakiri nyekundu, na harufu ya mavi ya panya ikawa inatoka chini yake kila asubuhi. Sherihan alipita pale akiziba pua.

"Ustadhi, niazime bisibisi moja tu."

"Ikivunjika, watoto wangu utawalisha wewe?"

"Si inaliwa na kutu humo ndani?"

"Kutu ni kazi ya Mungu, binti yangu. Kwa kutu sikatwi mshahara."

Jumatano mkaguzi akaja, vidole vikimeremeta samli ya keki ya basbusa aliyokirimiwa ofisini. Akafuta kimoja kwenye daftari la mtoto.

"Haya, nionyesheni hayo madude yenu."

Marina akasukuma bomba. Mkono ukatetemeka, ukainuka, ukanyanyua kopo la maharage, ukalitua juu ya kiti bila kulimwaga.

Mkaguzi akasogea karibu. Akaizunguka winchi, akaizunguka tena.

"Mmeunda nyinyi? Kwa takataka?"

"Wao, bwana mkaguzi," alisema Sherihan. "Hebu fikiria wangekuwa na vifaa."

"Shule zote nilizokagua, sijaona kitu kama hiki." Akamgeukia Bekhit aliyesimama mlangoni. "Fungua stoo!"

Vigelegele vikalipuka. Bekhit akaibandua lakiri. Mlango ukalia, uvundo ukawapiga usoni, lakini hakuna aliyeziba pua. Macho ya Sherihan yalikuwa tayari juu ya maboksi, yanachagua lipi lifunguliwe kwanza.

"Kitu cha thamani namna hii," alisema mkaguzi, akilamba kidole, "hakiachwi ovyo mikononi mwa watoto. Kuanzia leo ni mali ya serikali."

Wahudumu wawili wa shule wakaibeba winchi wakaiingiza ndani, katikati ya maboksi. Marina alikuwa bado ameng'ang'ania bomba moja. Bekhit akalitoa polepole vidoleni mwake, akaufunga mlango, akawasha kibiriti kuyeyusha lakiri.